Joto Linalofia Darajani

Joto lilikufa palepale linapofia kila asubuhi, ukishavuka tu daraja la mto Folla. Gunnvor alilisikia likiondoka. Mlio wa feni haukubadilika, ila upepo wenyewe uligeuka, ukawa kama pumzi ya mtu aliyetafuna barafu. Halafu kioo cha mbele kikaanza kuota sakitu, utando wa barafu, kwa ndani, kutoka pembeni kuja katikati, kila alipopumua. Akajaribu kupumua kidogo. Lakini nani awezaye kupumua kidogo safari nzima?

Akaegesha kando ya barabara, akavua glavu, akakwangua kioo kwa kadi ya dukani. Chembe za barafu zikamwangukia mapajani, juu ya blanketi. Nje ilikuwa baridi ya nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, na ndani ya gari haikuwa mbali na hapo. Akaendelea huku akichungulia kwenye kidirisha cha ukubwa wa sahani. Akasimama tena, akakwangua tena. Lori la mbao likampita likipiga honi.

Alipofika kwenye kiwanda cha kufulia nguo, wenzake walikuwa wamekwisha vaa aproni na mashine zinanguruma. Bergljot, msimamizi, alisimama mlangoni na kikombe chake.

"Gunnvor."

"Najua."

"Sijasema neno bado."

"Ni gari. Hita inakufa njiani."

"Juma lililopita pia lilikuwa gari." Bergljot hakuwa mwanamke wa kupaza sauti, aliishusha, na watu wakasogea wenyewe kusikia. "Alhamisi muda wako wa majaribio unakwisha. Tutakaa tuzungumze, saa moja asubuhi. Saa moja, si saa moja na kitu. Shuka za nyumba ya wazee hazijui habari za hita."

"Aje kwa skii, ateleze juu ya theluji," mmoja akasema nyuma ya rundo la taulo, na wengine wakacheka kicheko cha watu waliokwisha kupata ajira ya kudumu.

Gunnvor akavaa aproni yake, akaanza kukunja. Vidole vilikuwa bado vimekufa ganzi, na shuka ya kwanza ilimtoka mkononi ikaanguka sakafuni. Ilibidi irudi kufuliwa, na Bergljot aliiona.

Ajira hiyo ndiyo iliyokuwa imeishika nyumba. Arnstein mumewe alianguka kutoka paa la zizi akaumia mgongo, na tangu hapo alitembea kama mtu aliyebeba kioo. Ng'ombe walikwisha uzwa. Kilichobaki kuuzwa ni shamba lenyewe. Basi la alfajiri halikuwapo, na gari la umeme la mkono wa pili lilinunuliwa kwa ajili ya barabara hiyo moja tu, kutoka mlangoni kwao mpaka kwa Bergljot na kurudi.

---

Alasiri hiyo alilipeleka gari kwa fundi mjini. Kijana Stian aliliingiza ndani ya gereji, akafunga lango, akaunganisha kompyuta yake. Gari likapasha. Likapasha mpaka Gunnvor akafungua koti, akafungua na sweta.

"Mbona linafanya kazi?" Stian akauliza.

"Hapa linafanya. Njiani linakufa."

"Linakufa wapi?"

"Darajani."

"Kila siku darajani?"

"Kama lina miadi hapo."

Stian akajikuna shingo, akasoma tena kwenye kompyuta. "Inasema pampu ya joto inajizima yenyewe. Inaelekea pampu imechoka. Mpya ni krona elfu thelathini na nane, kazi mbali. Itafika Jumatatu."

"Mimi nataka Alhamisi."

"Basi kaliombee."

Alisema kwa mzaha, lakini Gunnvor alikuwa amekwisha kuliombea, tangu mwezi uliopita, na hakuona aibu. Alichotaka sasa ni kuelewa. Akasimama mbele ya gari, mikono kiunoni.

"Hiyo pampu inachoma nini?"

"Haichomi kitu. Inachukua joto la nje, inaliingiza ndani."

"Joto gani la nje? Wewe umetoka nje leo?"

Stian akacheka. "Lipo, mama. Dogo, lakini lipo. Friji yako nyumbani inafanya vilevile. Inatoa joto kwenye maziwa, inalitupa nyuma. Hukuwahi kugusa nyuma ya friji?"

"Na hita nyingine hakuna?"

"Ipo ndogo ya akiba. Kwa baridi hii ni mshumaa kanisani."

Akalipa gharama ya kupimwa, akarudi nyumbani na blanketi lake. Joto likafa kabla hajafika nusu ya njia, sehemu isiyo na daraja wala chochote. Hilo nalo akaliweka moyoni. Kumbe si daraja. Ni muda. Gari lilipumua kwa kitambo fulani, halafu likakata roho, uende huku au uje huku.

---

Mezani kulikuwa na viazi vya kuchemsha na soseji ya moshi. Arnstein alikula amesimama, maana kukaa kulimuuma. Halvard, baba yake, alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko la kuni. Mzee alikuwa na miaka themanini na sita. Leseni ya udereva alinyang'anywa na macho yake, si na serikali, ndivyo alivyopenda kusema, ingawa barua ya serikali ndiyo iliyokuja.

"Nilisema," Halvard akasema. "Gari lisilokunywa kitu litatoa wapi joto? Hiyo ni cherehani yenye matairi."

"Baba, mwache ale," Arnstein akasema.

"Mimi simzuii kula. Nasema juu ya cherehani."

"Ungevaa suruali mbili za sufu," Arnstein akamwambia mkewe.

"Nimevaa tatu. Nikishuka pale kiwandani natembea kama bata."

"Elfu thelathini na nane hatuna."

"Najua hatuna. Nilikuwepo tulipozimaliza."

Hapo mzee akacheka kidogo, akamsogezea sahani ya siagi. Alimpenda Gunnvor kwa namna yake, namna isiyo na maneno. Mke huyo wa mwanawe hakuwa mzaliwa wa bonde lile, na mara ya kwanza kufika alivaa viatu vya mjini; tangu siku hiyo Halvard alimwekea viatu vyake karibu na jiko kila jioni, vielekee mlangoni, asivivae baridi. Hakuwahi kulitaja, na hakuna aliyewahi kumshukuru.

Walipomaliza kula Gunnvor akainuka, akapenyeza mkono nyuma ya friji.

"Unatafuta nini huko?" Halvard akamwuliza.

"Joto."

"Jiko liko huku, mwanangu."

Lakini nyuma ya friji palikuwa na joto kweli, joto kama la ubavu wa paka. Gunnvor akauacha mkono pale muda mrefu, akiwaza. Maziwa yalikuwa baridi, na bado mashine ile ilipata joto la kuyatoa. Akaufungua mlango, akagusa chupa, akaufunga, akagusa tena nyuma. Arnstein alimtazama mkewe, halafu akamtazama baba yake, akainua mabega, na mabega yakamuuma.

---

Jumatano alikwenda kazini kwa kukwangua kama kawaida, akawahi kwa sababu alitoka mapema sana na hakulala. Wakati wa kurudi, jua likiwa limeinama juu ya misonobari, alimkuta jirani yake Jorid ndiyo kwanza anashuka kwenye gari lake. Lilikuwa la aina ileile, la mwaka uleule; tofauti ni rangi tu. Gunnvor akasimama.

"Lako linapasha?"

"Linapasha. Kwa nini?"

"Mpaka mwisho wa safari?"

"Mpaka nalizima. Gunnvor, una nini? Uso umekuwa wa bluu."

Gunnvor aliinama. Alikuwa anatazama pua ya gari la Jorid. Pale chini ya kibao cha namba mvuke ulikuwa unatoka, taratibu, kama pumzi ya ng'ombe asubuhi. Maji yalidondoka kwenye theluji yakatoboa vishimo, na vishimo vikaganda kandokando.

"Linavuja," akasema.

"Halivuji. Ndivyo linavyofanya. Linashika barafu mbele, halafu linaiyeyusha lenyewe. Mara ya kwanza na mimi nilipiga simu gereji, wakanicheka."

Gunnvor akageuka kutazama lake. Halikutoa mvuke. Theluji chini yake ilikuwa kavu, haina kishimo hata kimoja. Majira yote ya baridi, akakumbuka, hajapata kuona tone la maji chini ya gari lile.

"Lako linapumua," akasema. "Langu halipumui."

Akalala chali kwenye theluji, pale pale kwenye uwanja wa watu, na nguo zake za kazi, akajisukuma kwa visigino mpaka kichwa kikawa chini ya pua ya gari. Jorid akasema mwenzake akipata homa ya mapafu, yeye asiitwe shahidi. Gunnvor akawasha tochi ya simu.

Ukitazama kwa mbele, nyuma ya matundu palikuwa peusi, kama panavyotakiwa kuwa. Ukitazama kwa chini, mambo yalikuwa mengine. Kati ya matundu na rejeta palikuwa na kitu kimesimamishwa wima, kimekatwa kwa ustadi, kona zimezungushwa, upande mweusi umeelekezwa nje. Upande wa ndani ulikuwa na miraba ya bluu na nyeupe. Juu ya miraba, barafu nene kama godoro ilikuwa imeishika rejeta yote.

Miraba ile aliijua. Alikuwa ameipiga deki miaka mingi kabla hawajabadilisha sakafu ya jikoni.

Na mkono uliokata aliujua. Sisi wa bonde hili tulikuwa naye mzee wa namna hiyo kila nyumba: baridi kali ya kwanza ikibisha, anatoka na kisu na kipande cha kadibodi, anaziba mbele ya kila gari, upepo usiigandishe injini. Kuyafunga magari pua, tuliita. Halvard alilifunga lori la maziwa, akafunga trekta, akafunga kila gari la dizeli alilonunua mwanawe. Ilikuwa kama kuwatandikia ng'ombe majani. Nani hutangaza kwamba ametandika majani?

---

"Tusimwambie," Arnstein akasema. Walikuwa zizini, mahali pasipo na ng'ombe, wakizungumza kwa kunong'ona kama wezi. Kipande kile cha kapeti la plastiki la jikoni kilikuwa kati yao, kinadondosha maji. "Leseni imekwenda. Wanyama wamekwenda. Hii ndiyo kazi iliyobaki mikononi mwake. Ukimwambia nusura akufukuzishe kazi, atakaa kwenye kiti kile asiinuke mpaka tumzike."

"Na mwakani?"

"Mwakani tutaona."

Gunnvor alikuwa na baridi na furaha, na mtu wa namna hiyo hukubali upesi. Arnstein akalitia lile kapeti kwenye jiko la zizini, likawaka kwa moshi mbaya. Gunnvor akaenda kulijaribu gari. Likavuka daraja, likapita kiwanda cha mbao, likafika njia panda, na joto bado linamvumia magotini. Akaimba wimbo wa kanisani, ubeti mmoja, akageuza.

"Umerudi na uso mwingine," Halvard akamwambia alipoingia.

"Gari limepona, baba."

"Limepona lenyewe?"

Akatazama pembeni. "Lenyewe."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, akavaa kofia, akatoka kidogo kama alivyozoea kabla ya kulala.

---

Alhamisi alfajiri theluji ilikuwa imekwisha fagiliwa kutoka mlangoni mpaka kwenye gari. Halvard alisimama karibu na taa ya mbele, kofia ya manyoya imemfunika masikio, koleo la kukatia waya mkononi, na uso wa mtu aliyemaliza kazi nzuri wakati wengine wamelala.

"Baba, mbona uko nje?"

"Lilidondoka," akasema.

"Nini?"

"Kapeti la kuzibia pua. Jana nilipita kuangalia, sikulikuta. Barabara ile inatikisa. Hapana neno, lile la jikoni bado lipo jingi darini. Nimekata jingine, na safari hii nimelifunga waya huku na huku. Sasa halitoki mpaka theluji iyeyuke."

Gunnvor alisimama na funguo mkononi. Angeweza kusema ahsante, aendeshe mpaka nyuma ya miti, alitoe huko. Kwa kitu gani? Kwa kucha? Koleo lilikuwa kwa mzee. Na kesho lingerudi, na keshokutwa, likiwa limefungwa vizuri zaidi. Uongo wa jana ulikuwa umesimama mbele yake umevaa kofia ya manyoya.

"Baba, nipe hilo koleo."

"La nini?"

"Nilitoe. Halikudondoka. Nililitoa mimi jana, Arnstein akalichoma. Hilo ndilo lililokuwa linaua joto."

Halvard akamtazama kwa jicho lake zuri. "Magari ya nyumba hii nimeyafunga pua tangu ujana wangu. Hakuna lililowahi kuganda."

"Yale yalikuwa yanapika joto lao yenyewe. Hili linaliokota nje, linaliingiza ndani. Ukiliziba pua haliokoti kitu."

"Nje?" Mzee akauzungusha uso, akatazama uwanja, ghala, nyota, sakitu kwenye kamba ya nguo. "Nje hii?"

"Hii hii."

Akaligeuza koleo mkononi. Gunnvor alijua dakika zinakwenda, na alijua pia kwamba huyu si mtu wa kuharakishwa.

"Na jana mlijua," Halvard akasema.

"Tulijua."

"Mkakubaliana kunyamaza."

"Tulikubaliana."

Mzee akapiga goti moja, halafu la pili, akalala ubavu kwenye theluji.

"Baba, acha, nitalala mimi."

"Wewe mafundo yangu hutayajua." Koleo likabana, waya ukalia. Ukalia wa pili. Akajivuta nje na kapeti kifuani, ndevu zimejaa theluji, akakataa mkono alionyoshewa, akainuka kwa kushika bampa. Kisha akazunguka, akafungua mlango wa abiria. "Ondoa blanketi hili. Nataka kuliona hilo joto la kuokotwa."

"Nitachelewa, baba, sina muda wa—"

"Basi endesha."

Njiani mzee alivua glavu moja, akaweka kiganja mbele ya tundu la hewa, akakiacha hapo. Walipofika darajani Gunnvor akasema, "Ni hapa," na wote wawili wakatega masikio kama watu wanaomsikiliza mgonjwa. Daraja likapita.

"Lipo," Halvard akasema.

Wakapita kiwanda cha mbao.

"Bado lipo."

Nyuzi zilikuwa ishirini na nne chini ya sifuri. Miti ya kando ya mto ilikuwa myeupe mpaka vijitawi. Mzee aliitazama kwa muda, kiganja hakijaondoka. "Na limo humo," akasema polepole. "Siku zote lilikuwa limo humo." Akavua kofia, akaiweka gotini, kama avuavyo akiingia kanisani.

---

Bergljot alikuwa amekwisha keti. Alitazama saa ya ukutani, akamtazama Gunnvor, halafu akamtazama mzee aliyeingia nyuma yake bila kukaribishwa, nywele zimesimama.

"Huyu ni nani?"

"Baba mkwe wangu."

"Mimi ndiye niliyekuwa namchelewesha," Halvard akasema, akaliweka kapeti mezani. Maji yakatiririka kuelekea karatasi, Bergljot akaziinua. Mzee akaeleza yote kwa ufupi: pua, upepo, waya. Hakujitetea na hakuomba. Mlangoni wanawake walikuwa wamejazana, na yule wa skii alijiziba mdomo kwa taulo. Shingo ya Halvard ikawa nyekundu, lakini alimaliza.

Bergljot akaligeuza kapeti upande wa miraba, akapitisha kidole kwenye kona iliyozungushwa.

"Limekatwa vizuri," akasema. "Mimi lakini siajiri makapeti, na sitaki hadithi. Leo amewahi. Kesho je?"

"Na kesho," Gunnvor akasema.

"Na baridi ijayo, ikibisha?"

Gunnvor akafungua mdomo, ila mzee akamtangulia. "Na baridi ijayo."

Bergljot akaisukuma karatasi, na kalamu juu yake. "Tia sahihi. Halafu ukafute maji haya."

Halvard hakuwa na njia ya kurudi nyumbani, akashinda siku nzima kwenye chumba cha kupumzikia. Wanawake walimchokoza. Mmoja alimwuliza kama anaweza kumfunga mumewe pua, maana anakoroma. Akamjibu alete mume na kipimo.

Jua lilikuwa limekwisha zama waliposhika njia ya kurudi. Joto lilivuma. Halvard aliinamisha kichwa mpaka daraja likapita, na Gunnvor alidhani amelala.

"Kitu gani kingine mnaninyamazia?" akauliza.

"Hakuna, baba."

"Gunnvor."

Akatazama barabara. Alifikiri kwa haki, kama alivyoulizwa.

"Unakata kucha kwenye meza ya jikoni," akasema. "Mezani tunapokula."

Kiganja cha mzee kilikuwa tena mbele ya tundu la hewa.

"Mwanga wa pale ni mzuri," akasema.

"Najua."

"Nitahamia kwenye dirisha la sebuleni."

"Ahsante, baba."

"Na Arnstein naye alijua hilo?"

"Ndiye anayezifagia."